Kamba Katika Msitu wa Hollin

Kengele ya baiskeli ya Jodie Tranter ilikuwa imekufa tangu Ijumaa, na yeye, fundi wa baiskeli za watu, hakuwa amepata nafasi ya kuitazama yake. Basi Jumapili ile alipoingia Gas Street, kando ya mfereji, katikati ya soko la mashua, hakuwa na cha kuwaonya watu ila mdomo wake.

"Pisheni! Pisheni jamani!"

Watu walipisha. Wanawake wenye vikapu, wazee na mbwa wao, watoto wenye aiskrimu, wote walijibana ukutani. Mtu mmoja tu hakupisha, kwa sababu alikuwa na gunia la makaa ya mawe begani na upande ule haoni. Gurudumu la mbele lilimpata kwenye nyonga. Gunia likapasuka, Jodie akaruka juu ya usukani na kupiga uso kwenye mawe ya ukingo, na yule kijana akaenda mzima mzima mferejini.

Alipoibuka alikuwa akitapika maji na matusi.

"Una wazimu wewe? Hii ni njia ya watu, si uwanja wa mbio!"

"Na wewe huna macho?"

"Macho ninayo. Kengele je, unayo?"

"Imeharibika."

"Na breki?"

"Breki nzima."

"Basi kilichoharibika ni kichwa."

Watu walicheka. Jodie naye angecheka, ila pua ilikuwa inamvuja damu mpaka kwenye koti lake la mvua la njano. Kijana alijivuta juu ya ukingo, fulana yake ya sufu imemganda mwilini, vumbi la makaa limemkaa kwenye kope kama wanja. Akaipiga teke kamba ya mashua yake kwa hasira.

"Nyinyi watu wa baiskeli! Iko siku nitavuta kamba hapa, upande huu mpaka ule, mjue adabu!"

Alisema hivyo mbele ya watu wote. Kisha akaiona ile damu, akanyamaza, akaingia ndani ya mashua na kutoka na taulo na kikombe cha bati cha chai ya maziwa.

"Inamisha kichwa. Hapana, mbele, si nyuma. Unaitwa nani?"

"Jodie."

"Mimi Dale Fereday. Nimekunywa nusu ya mfereji kwa ajili yako, Jodie. Kunywa chai tuwe sawa."

Dale alikuwa akiuza makaa na gesi kwa watu wanaoishi majini, akipita mashua kwa mashua kama alivyofanya babu yake. Tangu siku ile simu ya Jodie haikutulia. Akiwa karakanani, mikono imejaa grisi, aliibana kwa bega.

"Umekula?" Dale aliuliza.

"Bado."

"Nina mbaazi za kijivu na bekoni hapa. Njoo kwa baiskeli, lakini piga kengele, nijue kama nikimbie."

"Ukikimbia nitakufuata."

"Ndiyo sababu sitakimbia, kipenzi."

Jioni moja Dale alimfundisha Jodie fundo la watu wa mashua. Unapitisha kitanzi chini ya kamba iliyokaza, unakirusha juu ya kichwa cha nguzo, unavuta. Haliachii hata mashua ivute vipi. Mikono yao iligusana kwenye ile kamba, na kufundishana kukachukua muda mrefu kuliko kulivyostahili.

Nyumbani Jodie alimwonyesha mdogo wake, Ross. Walikuwa wawili tu. Mama yao alikufa Ross akiwa na miaka kumi na saba, na Jodie ndiye aliyempikia, aliyemfulia, aliyemgombeza mpaka akapata kazi kwenye kiwanda cha vyuma. Hapakuwa na nguzo ndani, hivyo walitumia bomba la jikoni linalopanda mpaka darini. Bomba halina kichwa cha kurushia kitanzi. Jodie akabuni njia yake: aliipitisha kamba yote, mwisho wake ukianza, kuzunguka bomba, akalipata fundo lile lile.

"Mapenzi haya yamekufanya baharia," Ross alisema, akicheka kwa pengo. Meno yake mawili ya mbele hayakuwepo. Mwezi Machi vijana wawili wa pikipiki walikuwa wamempiga teke kutoka kwenye baiskeli katika msitu wa Hollin, ambako pikipiki haziruhusiwi, wakamwacha mtaroni akitema damu. Polisi waliandika, wakaondoka. "Hebu nijaribu na mimi," akasema, na akajaribu mara tano mpaka likakaa.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Jodie aliwaongoza wanawake wanane au kumi kwa baiskeli kutoka kwenye mfereji kuingia msitu huo wa Hollin. Ni njia isiyo na gari hata moja, ya changarawe, mialoni ya miaka mia tano ikiinamiana juu yake. Jumamosi ile ya Mei utabiri ulisema mvua itaanza saa nne, basi Jodie aliwatumia wote ujumbe: tunaondoka saa mbili.

Bev Hadley alikuwa mbele. Bev alikuwa na miaka hamsini na minane, alipika chakula cha shule maisha yake yote, na hapakuwa na mteremko aliokubali kuushuka nyuma ya mtu.

"Nifuateni, mabibi vizee!" alipiga kelele, akiwa mzee kuliko wote. Aliinuka kwenye kiti, shela yake ya waridi ikipepea, maua ya buluu yametanda chini ya miti pande zote mbili.

Kisha baiskeli iliendelea bila yeye.

Jodie aliiona hiyo kwanza, baiskeli tupu ikikimbia peke yake mteremkoni. Halafu akamwona Bev angani, chali, kana kwamba mtu amemshika shingo na kumrudisha nyuma. Alianguka kwa sauti ya mfupa. Aliyemfuata alimgonga, na wa tatu akawaangukia wote wawili. Msitu ulijaa mayowe.

Kamba nyembamba ya kijani ilikuwa imevutwa kati ya miti miwili, kwenye kimo cha koo.

"Bev! Bev, nitazame! Usiongee!"

Bev hakuweza kuongea. Shingo yake ilikuwa na mstari mwekundu kutoka sikio hadi sikio, na bega limeinuka mahali ambapo bega halikai. Alivuta pumzi kwa mluzi. Jodie alimshika kichwa kisisogee, dakika ishirini, mpaka wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika wakikimbia na machela. Alipoinua macho ndipo alipolitazama lile fundo kwenye mwaloni. Alilijua.

Alilipiga picha. Alirudia mara tatu mpaka likaonekana vizuri. Kisha akampigia Ross.

"Ross, mtu ameweka kamba Hollin. Bev yuko mahututi."

Upande wa pili kitu kiligonga sakafu.

"Ross?"

"Saa ngapi? Si mnapita saa nne nyinyi?"

"Tumewahi, kwa ajili ya mvua. Ross, fundo ni la mashua. Ni lile la Dale. Na alisema, mbele ya watu alisema, kwamba atatega kamba!"

Ross alisikika akifunga mlango. Kisha Ross akasema kwa sauti iliyokauka, "Basi ni yeye."

Jodie aliendesha baiskeli kando ya mfereji kama mtu anayefukuzwa. Dale alikuwa juu ya mashua yake akipanga magunia. Alimwona, akatabasamu, akafungua mikono. Jodie alimpiga kofi, halafu ngumi. Ngumi ilimpasua mdomo.

"Muuaji! Umemkata koo mama wa watu!"

"Jodie! Nani? Nimefanya nini?"

"Kamba yako! Fundo lako!" Akamsukumia simu usoni. "Unadhani silijui?"

Dale alifuta damu kwa kiganja, akaichukua simu, akaitazama picha, akaikuza. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa woga.

"Huyu mama, yuko hai?"

"Sijui."

"Nisikilize. Sisi hatufungi hili kwenye mti. Hakuna mtu wa mashua anayefanya hivyo. Mti huwezi kuurushia kitanzi juu, hauna kichwa. Aliyefunga hapa ameipitisha kamba yote kuzunguka, tazama mkia ulipotokea." Alimtazama kwa upole wa kutisha. "Mimi sijui kulifunga hivi. Nani analijua hivi, Jodie?"

Jodie alifungua mdomo. Aliliona bomba la jikoni. Aliona mikono ya mdogo wake ikijaribu mara tano.

Hakupata kusema. Ross alikuja mbio kwenye njia na wenzake wawili wa kiwandani, akaruka moja kwa moja juu ya mashua, na wote watatu wakamwangukia Dale. Walimpiga kwa mateke alipoanguka kati ya magunia. Alijikunja, akajaribu kuinuka, akaangushwa tena. Juu ya paa la mashua kulikuwa na mkono wa chuma wa kuzungushia vizibo vya malango ya maji, mzito kama nyundo. Ross aliukamata.

"Ross, acha! Ross!"

Dale aliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa. Chuma kilishuka. Jodie alisikia ule mlio kwa mara ya pili siku hiyo, mfupa ukivunjika. Alimrukia mdogo wake mgongoni, akamng'ata bega mpaka akauachia ule mkono wa chuma, ukatumbukia mferejini.

Wale wawili walitoroka kabla polisi hawajafika. Ross alibaki kwenye ukingo, mweupe kama karatasi, akimtazama dada yake.

"Nani kampiga?" askari aliuliza.

Dale, amekaa sakafuni, mkono umepinda, alimtazama Jodie tu, akisubiri.

"Ulikuwepo, dada. Umeona nini?"

Mama alipokuwa anakufa alimwambia Jodie neno moja tu kuhusu Ross: usimwache. Miaka sita alikuwa amelitimiza.

"Sikuona," alisema Jodie. "Nilifika wakiwa wameshamaliza."

Dale aliinamisha kichwa. Hakuna mtu aliyemgusa, lakini alionekana kama mtu aliyepigwa tena.

Simu zote Jodie alizompigia Dale siku zilizofuata hazikujibiwa. Polisi walimhoji Dale hospitalini kuhusu ile kamba, maana maneno yake ya Gas Street yalikumbukwa na watu kumi na tano. Mtu aliandika kwa rangi nyekundu ubavuni mwa mashua yake: MUUAJI.

Jumanne Jodie alikwenda kumwona Bev. Shingo ilikuwa imefungwa, na Bev aliongea kwa kuandika kwenye daftari, herufi kubwa za mtu mwenye hasira.

DALE ALIKUJA JANA, aliandika. KANILETEA ZABIBU. AKAZILA MWENYEWE.

Jodie alijaribu kucheka, akalia badala yake.

SI YEYE, Bev aliandika. MTU ALIYEFANYA HANILETEI ZABIBU AKANITAZAMA MACHONI. DALE ANAONDOKA LEO. KESHO ASUBUHI ANASHUKA MALANGO YA MAJI YA WOLVERHAMPTON, KWA MKONO MMOJA, MPUMBAVU. Alitulia, akaikaza kalamu. WEWE UNAJUA NI NANI?

Jodie aliisoma mara mbili. Kisha akambusu Bev kwenye paji la uso, akaondoka.

Ross alikuwa jikoni.

"Ni wewe," Jodie alisema akiwa bado mlangoni.

"Sikumtegea Bev!" Ilitoka mara moja, kama kitu kilichokuwa kinasubiri nyuma ya meno. "Niliwategea wale wa pikipiki. Wanapita saa moja kila Jumamosi, ila siku ile hawakuja. Nilitaka kuitoa kabla ya saa tatu. Ulisema saa nne, dada! Siku zote saa nne!"

"Na ukamvunja Dale mkono kwa kosa lako mwenyewe."

"Niliogopa. Ulishasema ni yeye, na mimi nikaona... nikaona njia."

"Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Polisi."

Alimshika mkono. Ross alimsukuma, Jodie akapiga mgongo kwenye jiko. Sufuria zikaanguka kwa kishindo. Jodie alirudi, akamshika tena. Ross alimpiga. Hakuwahi kumpiga maishani. Kibao kilimzungusha mpaka ukutani, sikio likalia kama filimbi. Akarudi mara ya tatu, akamkamata kola kwa mikono miwili.

"Nipige tena," alisema. "Nipige mpaka uchoke. Ukichoka tutakwenda."

Ross alilia kifuani kwake kama alivyolia siku ya maziko, mtu mzima wa kilo tisini, na baada ya hapo walitembea pamoja hadi kituoni, bila baiskeli. Pale mezani Jodie aliyaeleza yote, na uongo wake pia. Askari aliuliza kama ana hakika. Akasema aliona tangu mwanzo hadi mwisho.

Asubuhi ya Jumatano mvua ilinyesha Wolverhampton. Mfereji unapofika pale hushuka kilimani kwa malango ishirini na moja ya maji, moja baada ya jingine kama ngazi. Kwa kila lango lazima mtu azungushe vizibo vya kupitishia maji, ajaze chumba cha mashua, asukume boriti ya lango kwa mgongo, amwage maji, asukume tena. Wenye mashua humtanguliza mtu kwa baiskeli kuandaa lango la mbele. Mtu wa mkono mmoja aliye peke yake hana wa kumtanguliza.

Dale alipotokea chini ya daraja, mkono umefungwa plasta, lile neno jekundu limesuguliwa nusu, lango la kwanza lilikuwa limejaa na liko wazi. Kando yake alisimama Jodie, koti la njano linachuruzika maji, mkono wa chuma alioazima umechomekwa mkandani.

Dale aliingiza mashua. Jodie alifunga nyuma yake, akazungusha, maji yakashuka, akafungua, akapanda baiskeli kuwahi lango la pili.

La pili, hakuna neno. La tatu. La nne. Jodie alihisi moto mapajani. La saba, Dale alitazama upande mwingine. La tisa, viganja vya Jodie vilikuwa vimechubuka, na kwa uchovu akafanya kosa ambalo kila mtu wa mfereji hukatazwa tangu utotoni: aliinua kizibo, akageuka kutazama mashua, akauacha mkono wa chuma kwenye ekseli ya kukizungusha. Jino la chuma linalokishikilia kizibo likateleza. Kizibo kilishuka kwa uzito wake wote, chuma kikazunguka kama panga la feni, kikachomoka na kumpiga taya.

Alianguka kwenye matope, juu ya baiskeli yake. Mdomo ulijaa damu.

"Jodie!"

Dale aliruka kutoka kwenye mashua, akateleza, akaanguka juu ya plasta yake, akapiga yowe, akaja kwa magoti.

"Mjinga wewe! Nani kakuambia uache chuma kwenye ekseli? Kinaua watu hicho! Fungua mdomo. Fungua!"

"Jino," alisema Jodie, akitema kipande cheupe kiganjani. "Sasa nafanana na Ross."

"Usinitajie huyo."

"Yuko mahabusu. Nilimpeleka mimi, jana. Nimesema yote. Nimesema nilidanganya."

Mvua iliwapiga. Dale alikuwa amemshika kidevu kwa mkono wake mmoja mzima, na hakuuondoa.

"Ulinitazama ukasema hukuona," alisema taratibu. "Mfupa utaunga. Hilo sijui kama litapona."

"Najua."

"Ni mdogo wako."

"Ni mdogo wangu. Atabaki kuwa mdogo wangu. Nitampelekea chakula na nguo, Dale, sitakudanganya tena. Lakini wewe nilikuuza, na sikuja kuomba unichukue. Nimekuja kukufungulia malango, kisha narudi."

"Yamebaki kumi na mawili."

"Nimehesabu."

"Kwa mdomo huo?"

"Malango sifungui kwa mdomo."

Dale alicheka, na kicheko kikamuuma mbavu zilizopigwa, akashika ubavu, akalaani, akacheka tena. Kisha aliacha. Alimfuta damu kwa mkono wa fulana yake, polepole, mpaka ikawa imekwisha na bado anafuta.

"Nina hasira na wewe," alisema. "Itakaa. Pengine mpaka majira ya baridi. Utaivumilia?"

"Nitaivumilia."

"Nitakuwa nikikaa kimya saa nzima bila sababu."

"Nami nitakuwa naongea."

"Hilo silitilii shaka." Alisimama, akampa mkono, akamvuta. "Lini mahakamani?"

"Jumatatu, saa tatu. Lazima niwepo."

"Jumatatu tutakuwa tumefunga mashua karibu na stesheni ya Penkridge. Utapanda treni ya saa moja." Aliokota baiskeli kutoka kwenye matope, akautazama usukani ulivyopinda, akaisukuma kwa mkono mmoja hadi ukingoni.

"Bado kuna malango mbele, naihitaji," Jodie alisema.

"Tutaandaa yaliyobaki kwa miguu, pamoja, hata ichukue siku nzima," alisema Dale, na akaiinua baiskeli juu ya paa la mashua, akailaza kati ya magunia ya makaa, akaifunga.